Jogoo Hapandi Mtungi: Uchunguzi Unaoanzia Chumba cha Tabibu

Swali: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Morogoro. Wiki iliyopita nilimwona dereva wa basi mwenye umri wa miaka 46, ambaye kwa miaka 2 sasa anatumia atenololi na haidroklorothiazaidi kwa ajili ya presha. Alikuja kwa maumivu ya kichwa, nikampima presha, ikawa 148/94. Alipoinuka kuondoka, huku ameshika kitasa cha mlango, akasema kwamba kwa miezi 8 hivi jogoo hapandi mtungi, na kwamba kuna asali ya nguvu aliyonunua stendi ambayo ilimsaidia mara mbili tatu. Kituoni nina mashine ya presha, glukometa ya kupimia sukari, vijiti vya kupimia mkojo na kipimo cha VVU. Vipimo vya homoni hatuna. Nianzie wapi, nipime nini, na nitajuaje kama tatizo ni la mwili au la mawazo? Naogopa kumpa vidonge tu akaenda zake.

Jibu: Ndugu tabibu, hofu yako ina msingi, na vifaa ulivyovitaja vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Tatizo la uume kushindwa kusimama hugunduliwa kwa mazungumzo zaidi kuliko kwa mashine, na kinachokosekana katika vituo vyetu mara nyingi ni dakika 20 za utulivu na mlango uliofungwa. Mgonjwa wako amekusaidia zaidi ya anavyojua, kwa sababu ndani ya sentensi chache amekupa muda wa tatizo, dawa anazotumia, na habari ya asali, ambayo kwangu mimi ni dalili kama dalili nyingine yoyote. Nitarudi kwake baadaye.

Jambo la kwanza ni neno lenyewe. Mtu akisema amepungukiwa nguvu za kiume, usiandike chochote kwenye faili kabla hujamuuliza ana maana gani, kwani maneno hayo ni kapu linalobebeshwa matatizo manne tofauti: kukosa hamu, uume kutosimama au kulegea katikati ya tendo, kumaliza mapema, na wakati mwingine kutopata mtoto. Nimewaona wanaume waliotumia vidonge vya kusimamisha uume kwa miezi mingi ilhali uume wao ulikuwa ukisimama vizuri na shida yao ilikuwa kumaliza ndani ya dakika moja. Tena matatizo haya huzaana: anayeogopa kulegea huharakisha, na anayeharakisha huonekana mwenye kasoro ya pili, kwa hiyo uliza lipi lilitangulia.

Tafsiri inayotumika hadi leo ilitolewa katika mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwezi Desemba 1992, nayo inasema kwamba tatizo hili ni kushindwa kupata au kudumisha usimamaji wa uume unaotosha kwa tendo la ndoa la kuridhisha. Waganga wengi huongeza sharti la muda wa miezi 3 au zaidi, isipokuwa pale palipotokea ajali au upasuaji. Mtu aliyeshindwa mara mbili baada ya msiba au baada ya safari ya usiku kucha hana ugonjwa huu, na kumpachika jina hilo kunaweza kumletea ugonjwa ambao hakuwa nao.

Sasa tuangalie kwa ufupi kinachotokea mwilini, kwa kuwa maswali yako yote yanatoka hapo. Hamu au mguso hupeleka ishara kwenye neva za uume. Neva hizo, pamoja na utando wa ndani wa mishipa ya damu, hutoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli laini ya mishipa, damu ikaingia kwa wingi na vena zikabanwa ili isitoke. Kwa hiyo panahitajika akili iliyotulia, neva nzima, mishipa yenye afya, homoni ya kutosha na uume wenyewe usio na makovu. Kiungo kimoja katika mnyororo huo kikilegea, mgonjwa hukuletea lalamiko lile lile.

Mishipa ndiyo inayopaswa kukukosesha usingizi. Ateri za uume zina kipenyo cha milimita 1 hadi 2, wakati zile zinazolisha moyo zina milimita 3 hadi 4, na ugonjwa unaozidhuru ni ule ule. Mshipa mwembamba huonyesha upungufu mapema, na ndiyo maana mwanaume mwenye kisukari, presha, lehemu nyingi au anayevuta sigara huweza kuona uume unadhoofika miaka 2 hadi 5 kabla ya moyo wake kulalamika. Kwa mtu wa miaka 46 mwenye presha isiyodhibitiwa, ile sentensi ya kwenye kitasa cha mlango huenda ndiyo onyo la pekee atakalotoa kabla ya shambulio la moyo. Huko Massachusetts, utafiti wa wanaume wenye miaka 40 hadi 70 uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba asilimia 52 walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Na hapa kwetu, uchunguzi uliofanyika katika kliniki ya kisukari ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya nusu ya wanaume waliohojiwa wakiwa nalo. Uliza basi, hata pale ambapo hakuna aliyelitaja.

Namna ya kuuliza inategemea umri wako na wake. Tabibu kijana hamuulizi mtu wa umri wa baba yake kwa maneno ya kijiweni, wala hamuulizi kwa maneno ya kitabu ambayo mzee atayaona kama tusi. Mimi huanza kwa kuliweka jambo mahali pake: "Mzee, presha na dawa zake kwa wanaume wengi hugusa tendo la ndoa, kwako hali ikoje?" Kauli hiyo humwondolea aibu, kwa sababu inasema kwamba wako wengi na kwamba chanzo kinaweza kuwa ugonjwa, si yeye. Akitumia fumbo, kama huyu wa jogoo na mtungi, lipokee fumbo lake kwanza kisha mshuke pamoja kwenye maneno yaliyo wazi, maana utahitaji kujua kama uume hausimami kabisa, unasimama nusu, au unasimama vizuri na kulegea unapoingia.

Kuhusu mwili na mawazo, swali lako limeulizwa kama vile kuna mlango mmoja kati ya miwili, na mara nyingi milango yote miwili iko wazi. Hata hivyo, zipo alama zinazoelekeza. Tatizo lililoanza ghafla, tena baada ya tukio linaloweza kutajwa siku yake, kama ugomvi, kufukuzwa kazi, kufiwa au ndoa mpya, na ambalo huja na kuondoka kulingana na mahali au mtu, lina uzito mkubwa upande wa akili. Lililoingia polepole, likazidi mwezi hadi mwezi bila kuchagua mahali, lina uzito upande wa mishipa, neva au homoni. Hapa ndipo swali gumu linapoingia: je, hali iko hivyo hivyo kwa mkewe, kwa mwanamke mwingine kama yupo, na anapokuwa peke yake? Liulize bila kuhukumu na bila mtu wa tatu chumbani. Mwanaume ambaye uume wake unasimama imara kwa mchepuko na kulala mbele ya mkewe hana mishipa iliyoziba, na kinachohitaji uchunguzi ni ndoa yake.

Kisha uliza kuhusu alfajiri. Mwanaume mwenye afya husimamisha uume mara 3 hadi 5 usiku, hasa katika usingizi wa ndoto, na ule anaoamka nao ni wa mwisho katika mfululizo huo. Ukiwa bado unakuja ukiwa imara, mabomba na nyaya zinafanya kazi. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani walichapisha njia ya kuzungusha stempu za barua kwenye uume kabla ya kulala na kuangalia asubuhi kama zimechanika penye vitobo. Siku hizi hata kuipata stempu ni shughuli, na swali lililoulizwa vizuri hukupa sehemu kubwa ya habari hiyo. Ila lina mtego: mtu mwenye sonona, au dereva anayelala saa nne kwa siku, anaweza kukosa usimamaji wa alfajiri bila mishipa yake kuwa na kasoro, kwa hiyo uliza na usingizi.

Nikubali kosa langu hapa, kwa kuwa lilinifundisha. Miaka mingi iliyopita nilimsikiliza mwalimu aliyekuwa na kesi ya kiwanja na mgogoro na kaka zake, nikaridhika kwamba mawazo yanatosha kueleza kila kitu, nikampa ushauri na kumruhusu. Alirudi baada ya miezi 5 akiwa amepungua mwili, sukari ikiwa 19 mmol/L. Kesi ya kiwanja ilikuwa ya kweli, na kisukari nacho kilikuwa cha kweli, na kilikuwepo siku ile ya kwanza.

Ukitaka kupima ukali wa tatizo na kufuatilia maendeleo yake, lipo dodoso fupi la maswali 5, lililochapishwa mwaka 1999 kutokana na lile refu la maswali 15 la mwaka 1997. Alama zake huanzia 5 hadi 25. 22 na kuendelea huhesabiwa kuwa hali ya kawaida, na 5 hadi 7 tatizo kali. Lisome kwa sauti, usimpe karatasi ajaze mbele ya watu. Lakini dodoso hupima ukali tu, halikuambii chanzo, na kwa mtu ambaye kwa miezi 6 iliyopita hakujaribu tendo kabisa, alama zake hupotosha.

Dawa na vilevi vinahitaji swali la peke yake. Dawa za kukojosha za jamii ya thiazaidi, vizuia beta vya zamani kama propranololi na atenololi, spironolaktoni, fluoksetini na ndugu zake wa kutibu sonona, haloperidoli na nyingine za magonjwa ya akili, ketokonazoli, finasteridi ya tezi dume, zote zinajulikana kwa tabia hii. Na pembeni yake kuna pombe, sigara na bangi. Dawa inashukiwa pale tatizo linapoanza wiki au miezi michache baada ya kuianza au kuongezwa kipimo chake. Usisahau kuuliza historia ya seli mundu: kijana aliyewahi kupata usimamaji wenye maumivu uliodumu saa nyingi anaweza kuwa amebaki na makovu ndani ya uume. Uliza pia ajali za nyonga, upasuaji wa tezi dume na maumivu ya mgongo yanayoshuka miguuni.

Mgonjwa naye atakuwa na maelezo yake. Atasema ni ngiri, ni punyeto ya ujanani, au kwamba amefungwa na mtu anayemjua kwa jina. Usicheke wala usihutubu. Punyeto haiharibu mishipa, lakini hatia aliyoibeba kwa miaka 20 inaweza kabisa kumzuia, na hofu ya kulogwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Mwonyeshe kwamba umesikia, kisha endelea na mwili. Maswali mawili mafupi yatakufungulia sonona: kama katika wiki 2 zilizopita amekuwa na huzuni au kukata tamaa, na kama amepoteza furaha katika mambo aliyoyapenda. Mke akiitwa, na aitwe kwa ridhaa ya mume tu. Mara nyingine yeye ndiye mwenye kueleza kwamba tendo linamuuma tangu alipokoma hedhi, na kwamba mume alianza kusita kwa kumwonea huruma.

Uchunguzi wa mwili si mrefu, ila usiukwepe kwa haya. Pima presha, uzito na kiuno; kwa mwanaume, kiuno cha sentimita 94 au zaidi kinatia shaka. Gusa mapigo ya kwenye kinena na miguuni, angalia kama matiti yamekua na nywele za mwilini zimepungua, kisha pima hisia za nyayo kwa mgonjwa yeyote unayemshuku kisukari. Uume ushikwe ukiwa umevutwa taratibu, ukitafuta uvimbe mgumu kama ubao chini ya ngozi, ambao huufanya uume usimame ukiwa umepinda. Na korodani zipimwe, kwani zikiwa ndogo na laini zinaashiria upungufu wa homoni. Kupima tezi dume kwa kidole si lazima kwa kila mmoja, bali kwa mwenye shida ya mkojo au umri unaostahili.

Kwa vipimo, sukari ndiyo ya kwanza na haina mjadala: asubuhi kabla ya kula, na ikifika 7.0 mmol/L au zaidi irudie siku nyingine kuthibitisha. Pima protini na sukari kwenye mkojo, toa kipimo cha VVU kama unavyotoa kwa wengine, na omba lehemu na kreatinini, kipimo cha figo, pale zinapopatikana, hata kama ni kwa kutuma sampuli hospitali ya wilaya. Miongozo ya Ulaya na Marekani inataka testosteroni, yaani homoni ya kiume, ipimwe kwa wote, lakini penye uhaba mimi ningeipa kipaumbele kwa asiye na hamu, mwenye korodani ndogo, mwenye kisukari, na yule ambaye vidonge havikumsaidia. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 5 asubuhi, kwani jioni kiwango hushuka, na jibu la chini lirudiwe kabla ya kuliamini. Chini ya 8 nmol/L ni upungufu, juu ya 12 kwa kawaida si upungufu, na katikati ni eneo la kusoma pamoja na dalili. Mgonjwa mwenye hamu iliyokufa, maumivu ya kichwa na macho yasiyoona pembeni apimwe pia prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kwa hiyo aende rufaa.

Usitumie kidonge kama kipimo. Wengi hudhani kwamba sildenafili ikifanya kazi, tatizo lilikuwa la akili. Si kweli, kwani huwasaidia wenye mishipa mibovu na wenye hofu vile vile, hivyo mafanikio yake hayathibitishi lolote kuhusu chanzo. Kabla ya kumwandikia, pima moyo wake kwa maisha yake: je, anaweza kutembea kilomita moja na nusu kwa dakika 20, au kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama, pasipo kifua kubana? Akishindwa, tendo lenyewe lisubiri hadi achunguzwe. Anayetumia nitreti kwa ajili ya moyo, kama isosobaidi, hapewi kabisa, kwa kuwa presha inaweza kuporomoka hadi kuua; na anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri hazidishi miligramu 25 za sildenafili ndani ya saa 48.

Wa kupelekwa rufaa ni kijana ambaye hajawahi kuweza tangu ujana wake, aliyeumia nyonga, mwenye uume uliopinda, mwenye homoni au moyo wa kutilia shaka. Kule anaweza kupigwa picha ya mtiririko wa damu baada ya kuchomwa sindano ya kusimamisha uume, kipimo kizuri ambacho wagonjwa wengi hawakihitaji. Mwenye ganzi ya ghafla kati ya mapaja pamoja na kushindwa kuzuia mkojo, au uume uliosimama zaidi ya saa 4, aende siku hiyo hiyo.

Turudi kwa dereva wako. Dawa zake zina miaka 2 na tatizo lina miezi 8, kwa hiyo zinaweza kuchangia lakini hazielekei kuwa chanzo pekee, labda kama kipimo kiliongezwa katikati. Angalia kadi yake. Usimwachishe atenololi ghafla, moyo huweza kulipiza. Presha ya 148/94 inadai mabadiliko hata hivyo, na kama hakuna sababu nyingine ya kubaki na atenololi, jadiliana na daktari wa wilaya kuipunguza taratibu na kuhamia losartani au amlodipini. Kiti cha dereva, chakula cha stendi na usingizi wa vipande vinanifanya niishuku sukari kwanza.

Asali nayo usiipite. Mihogo mibichi, nazi na karanga za barabarani hazidhuru mtu, na supu ya pweza ni chakula kizuri, ila asali inayofanya kazi ndani ya saa moja mara nyingi ina sildenafili au tadalafili iliyofichwa. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya bidhaa za asali za namna hiyo. Muulize kama aliitumia siku moja au mbili kabla ya kuja kwako, na kama kichwa kilianza kuuma pamoja na uso kupata joto na pua kuziba. Akijibu ndiyo, huenda maumivu yaliyomleta yana maelezo, na utakuwa umejua kwamba mishipa yake bado inaitikia dawa, bila kujua ni kipimo gani anachomeza.

Mpigie arudi asubuhi, kabla ya kunywa chai, siku ambayo hana safari, akiwa na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, kopo la asali likiwemo. Na mpangie awe mgonjwa wa mwisho kwenye foleni, ili asiwepo mtu wa kugonga mlango.